Pumzi Kwanza, Betri Baadaye

Mvuvi wa dagaa katika Ziwa Victoria huondoka mwaloni jua likizama, akiwa na taa, wavu, galoni la mafuta na simu. Simu huviringishwa ndani ya mfuko wa nailoni uliopigwa fundo, ikatiwa mfukoni mwa suruali au ndani ya kopo chini ya ubao wa mtumbwi. Jaketi okozi, ambalo wengi hulijua kwa jina la laifu jaketi au boya, likiwemo chomboni mara nyingi huwa limekaliwa, kwa kuwa ubao ni mgumu na usiku ni mrefu. Upepo ukivuma ghafla na mtumbwi ukapinduka, vitu viwili vilivyonunuliwa ili vimwokoe huwa vimekwisha kumsaliti: jaketi linaelea peke yake gizani, na simu imo chini ya maji mfukoni mwake, ikiyanywa maji kupitia fundo ambalo halikuwahi kuwa kizuizi cha maji.

Haishangazi, basi, kwamba wabunifu wamevutiwa na wazo la kuviunganisha vitu hivyo: jaketi moja lenye redio au simu ndani yake, taa, kipokezi cha GPS, na hata kihisi cha mapigo ya moyo, vyote vikiwa vimezibwa ili maji yasipenye na kuunganishwa kwa nyaya zilizoshonewa ndani ya kitambaa. Wazo ni jema. Kasoro yake ni kwamba aghalabu huanzia kwenye kifaa, ilhali lilipaswa kuanzia kwenye mwili wa mtu anayekufa maji. Mwili huo una ratiba yake, na ratiba hiyo haimsubiri fundi. Kila kinachotiwa ndani ya jaketi kipimwe kwa swali moja: je, kitafanya kazi wakati mikono na akili ya mvaaji vimekwisha kushindwa?

Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Walikuwa sahihi kuhusu hamu ya kuishi, lakini methali hiyo imewapotosha wengi juu ya sura ya tukio lenyewe. Mtu anayekufa maji kwa kawaida hapigi kelele wala hapungi mkono. Kupiga kelele kunahitaji pumzi ya ziada, naye hana hata pumzi ya lazima. Kupunga kunahitaji mkono ulio huru, nayo mikono yake yote miwili inayakandamiza maji kando ya mwili ili mdomo upate kutokeza juu. Kwa asiyejua kuogelea, pambano hilo la kimya linaweza kuisha ndani ya dakika moja. Uso ukishazama, oksijeni katika damu hushuka na fahamu hupotea. Na ubongo uliokosa oksijeni kwa dakika nne hadi sita huanza kupata madhara yasiyoponyeka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, zaidi ya asilimia 90 yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hakuna namba ya simu inayoweza kupigwa na mhusika mwenyewe ndani ya dakika hiyo moja, hata kama simu ni kavu kabisa na mtandao umejaa.

Historia ya maji ya Tanzania inalionyesha hilo kwa uchungu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimebakiza makumi machache tu ya mita kufika gatini Ukara, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Nchi kavu ilionekana, na mahali pa ajali palijulikana tangu dakika ya kwanza. Kilichokosekana kwa waliotupwa majini ni kitu cha kuwashikilia juu wapumue. Ajali ya Spice Islander, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba, ina funzo la upande wa pili. Huko bahari ilikuwa wazi na giza lilikuwa nene. Baadhi ya walionusurika walielea kwa saa nyingi wakiwa wameng'ang'ania magodoro na vitu vingine vilivyotoka melini. Kwa mtu wa namna hiyo, ambaye tayari anaelea na anapumua, taa na ishara ya redio ndivyo vinavyoamua kama ataonekana au atapitwa. Kwa hiyo elektroniki ina nafasi yake, nayo ni nafasi kubwa. Lakini ni nafasi ya saa ya kwanza na zinazofuata, wala si ya dakika ya kwanza.

Dakika ya kwanza ni ya jaketi lenyewe. Kanuni za kimataifa za vifaa vya kuokolea maisha melini zinadai kwamba jaketi la mtu mzima limgeuze aliyepoteza fahamu hadi mdomo wake uwe nje ya maji, na kwamba liunyanyue mdomo huo kwa wastani wa milimita 120 juu ya maji, mwili ukiwa umelalia nyuma. Vipimo hivyo vimetokana na njia ya hewa ya binadamu, na mbunifu anayeongeza vifaa hana budi kuviheshimu. Betri nzito ikining'inizwa kifuani inaweza kumvuta mvaaji kifudifudi. Tundu la skrubu au mshono uliopitishwa kwenye mfuko wa jaketi la kujazwa hewa huliua jaketi hilo papo hapo. Ndiyo maana kwa mvuvi, ambaye hana fundi wa kukagua mtungi wa gesi kila mwaka, jaketi la sponji linalotunza umbo lake ni bora kuliko lile jembamba la kujijaza lenyewe, ingawa lina joto na halipendezi. Kila kitu kitakachoongezwa kiwe kidogo, kikae juu karibu na bega, na jaketi lijaribiwe upya majini baada ya kuongezwa.

Hapo ndipo kazi ya kuzuia maji inapoanza, nayo ina mitego mingi kuliko inavyodhaniwa. Simu nyingi za kisasa huuzwa zikiwa na alama ya IP67 au IP68. Alama ya kwanza ina maana kwamba kifaa kipya kilikaa ndani ya maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30 bila kuharibika; ya pili ina maana ya masharti makali zaidi ambayo mtengenezaji ameyataja mwenyewe. Majaribio hayo hufanywa kwa maji baridi, yaliyotulia, yasiyo na chumvi. Hayasemi lolote kuhusu simu iliyokwisha kuangushwa mara kumi, iliyobadilishwa kioo kwa fundi wa mtaani, au inayopigwa na mawimbi ya chumvi usiku kucha. Ulimi mwembamba wa gundi unaozunguka kioo ukishafunguliwa mara moja, alama ile hubaki kwenye karatasi ya dukani tu.

Mfuko wa nailoni wenye fundo haufai. Mikunjo ya fundo huacha vijia vyembamba, na maji hupita humo polepole. Wako wavuvi wanaoitia simu ndani ya kondomu, na wazo hilo si la kuchekwa: mpira wake hauna mshono na huvutika. Tatizo ni kwamba mpira huo huharibiwa na mafuta, na mtumbwi wa injini haukosi mafuta. Tena hutoboka kwa ncha ya ndoana au gamba la samaki. Mfuko maalumu wa plastiki nene wenye mdomo wa kukunja mara tatu na kubana kwa kifungo ni nafuu kuliko kukarabati simu, na una faida nyingine: kioo kinaweza kuguswa kupitia plastiki. Wakati huohuo ikumbukwe kwamba kioo cha mguso kinapofunikwa na maji huchanganyikiwa, kikaona vidole visivyokuwepo au kisione kilichopo. Kwa hiyo simu ya kuokolea ipangwe mapema ili kitufe cha pembeni kikibonyezwa mara kadhaa kitume ujumbe wa dharura. Simu ndogo ya vitufe, ile inayodharauliwa mjini, hapa ina heshima yake. Betri yake hudumu kwa siku kadhaa na vitufe vyake hupatikana hata gizani.

Mfuko wowote ujaribiwe kabla ya kuaminiwa. Huwekwa karatasi kavu ya chooni ndani yake pamoja na jiwe, hufungwa kama utakavyofungwa siku zote, kisha huzamishwa ndani ya ndoo usiku mzima. Karatasi ikiwa na doa moja tu la unyevu, mfuko haufai. Kuna pia unyevu ambao hautoki nje kabisa. Mfuko ukifungwa mchana wa joto, hewa iliyomo ndani hubeba mvuke. Ukiingia majini hewa hiyo hupoa na mvuke hugeuka matone juu ya kifaa. Pakiti ndogo za chembechembe za kunyonya unyevu, zile zinazokuja ndani ya maboksi ya viatu, zinasaidia, mradi ziwe kavu na zibadilishwe mara kwa mara.

Kwa vifaa vinavyotengenezwa na fundi, kama taa ya LED au kirusha ishara kidogo, njia ya uhakika zaidi ni kukizamisha kisanduku kizima cha saketi ndani ya epoksi hadi kisibaki na nafasi ya hewa. Wengi hukimbilia silikoni ya kuzibia madirisha, kwa kuwa inapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi. Silikoni inayonuka siki itengwe na kazi hii. Harufu ile ni ya asidi ya asetiki inayotoka wakati silikoni inakauka, nayo hula shaba ya nyaya na viungo vyake. Kifaa kinaonekana kimezibwa vizuri huku ndani kinaoza. Gundi ya moto ya kuyeyusha nayo hubanduka kwenye plastiki laini baada ya jua na baridi kupishana. Tundu la kuchajia ndilo mlango mkuu wa maji, na likiwezekana lisiwepo kabisa: betri inaweza kuchajiwa kwa koili kupitia plastiki nzima, au ikatumika betri isiyochajiwa ambayo hubadilishwa kwa tarehe maalumu.

Kuunganisha vifaa ni kazi ngumu kuliko kuviziba kimojakimoja. Kila waya unaoingia kwenye kisanduku ni tundu. Tena maji hayapiti pembeni ya waya tu. Hupanda ndani ya ganda lake, kati ya nyuzi za shaba, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi, hata kifaa kilichozibwa barabara kikajikuta kimenyweshwa maji kutoka mwisho wa pili wa waya, nusu mita mbali. Fundi makini huzikata nyuzi hizo mahali pamoja ndani ya epoksi na kuziunganisha kwa risasi ili njia ya maji ikatike. Wapo wanaosema suluhisho ni kuacha waya na kutumia Bluetooth. Hilo linafaa mtu akiwa mtumbwini. Akiwa majini, mawimbi ya redio ya masafa hayo humezwa na maji, hasa ya chumvi, ndani ya umbali mfupi mno, na mwili wa binadamu, ambao sehemu yake kubwa ni maji, huyameza vilevile. Kifaa cha mkononi na kile cha begani vitapoteana pale hasa vinapohitajiana. Ushauri ulio salama ni mchungu kwa mbunifu: visiunganishwe. Taa iwe na betri yake, kirusha ishara kiwe na yake, na kushindwa kwa kimoja kusikiburuze kingine.

Swichi inayowaka yenyewe ikiguswa na maji ni kipengele chenye thamani kubwa kuliko vyote, kwa sababu haihitaji mkono wala akili. Huwa na ncha mbili za metali; maji yakiziunganisha, umeme hupita na kifaa huwaka. Lakini maji ya bahari hupitisha umeme mara mamia kuliko maji ya Ziwa Victoria. Swichi iliyojaribiwa Kigamboni ikawaka bila kosa inaweza kukaa kimya Musoma, na iliyolegezwa ili iwake Musoma inaweza kuwashwa na jasho au mvua Kigamboni. Kifaa kijaribiwe katika maji kitakamotumika.

Kuhusu masafa, hesabu ni rahisi na haina huruma. Kichwa cha mtu anayeelea kikiwa nusu mita juu ya maji, upeo wake wa macho ni takriban kilomita mbili na nusu, na antena iliyo kiunoni, chini ya maji, haina upeo wowote. Ndiyo maana antena hukaa begani. Teknolojia ya zamani ya simu, ile ya kizazi cha pili, kwa kawaida haiwezi kuvuka kilomita 35 kutoka mnarani hata pasipo kizuizi, na Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800. Katikati yake simu ni tochi tu. Huko hutumika bikoni binafsi inayotuma ishara kwa masafa ya megahezi 406 kwenda kwenye setilaiti za mfumo wa kimataifa wa Cospas-Sarsat, ambao ulianza kuokoa watu mwaka 1982. Bikoni hiyo hudumu angalau saa 24 ikishawashwa, lakini nyingi huwashwa kwa mkono, hugharimu mamia ya dola za Marekani, na lazima isajiliwe ili wapokeaji wajue ni ya nani. Anayenunua ya mtumba ajihadhari na zile za zamani zinazotumia megahezi 121.5 peke yake. Setilaiti ziliacha kuzisikiliza tangu tarehe 1 Februari 2009. Mtu anaweza kufa ameishika mkononi, taa yake ikimetameta.

Kisha kuna kihisi cha mapigo ya moyo, ambacho wabunifu hukipenda kwa kuwa kinaipa jaketi sura ya kitabibu. Ni tabibu, hata hivyo, anayepaswa kukikataa. Majini mishipa ya ngozi husinyaa na mikono haitulii, hivyo usomaji hauaminiki. Na hata ukiaminika, hakuna uamuzi unaobadilika kwa kuujua. Mwokoaji hatapunguza mwendo kwa sababu moyo unapiga vizuri. Kihisi hicho hula betri ambayo ingewasha taa, na huongeza tundu jingine mahali pa maji kuingilia. Fedha yake ingenunua filimbi kumi na mikanda ya kupita kati ya miguu, ile inayozuia jaketi lisipande usoni. Filimbi haina betri, na sikio la mtumbwi wa jirani liko karibu kuliko setilaiti. Ndege ya abiria ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, wavuvi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuifikia. Na ndivyo ilivyo kwa ajali nyingi za maji haya.

Betri za lithiamu zinastahili tahadhari ya pekee. Maji ya chumvi yakiingia ndani, betri inaweza kupata joto kali na kuwaka, wakati mwingine saa kadhaa baada ya kutolewa majini. Jaketi lenye betri ya namna hiyo kifuani, juu ya mtu aliyelazwa chini ya blanketi, ni chanzo cha kuungua ambacho muuguzi hatarajii. Aliyeokolewa avuliwe jaketi hilo mapema na liwekwe nje, mbali na mafuta. Kamba ya kuzuia simu isipotee nayo isivaliwe shingoni, bali ifungwe kwenye pete ya begani.

Maji ya nyuzijoto 25 huonekana kuwa ya uvuguvugu, lakini maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa, na usiku mzima humo unaweza kuushusha mwili chini ya nyuzijoto 35. Vidole huwa vizito na fikra hupotea, na hii ni sababu nyingine ya vitufe kuwa vikubwa na vichache. Mtu wa namna hiyo akipandishwa chomboni kwa kuvutwa wima, shinikizo la maji lililokuwa likiisukuma damu kurudi moyoni huondoka ghafla, naye anaweza kuzimia au kufa mikononi mwa waokoaji, baada ya kuvumilia usiku kucha. Akiwa hapumui, huanzwa na kupuliziwa pumzi, kisha kifua hukandamizwa. Tumbo halikamuliwi wala hatundikwi kichwa chini. Akiwa anapumua, na hali ya mawimbi ikiruhusu, hunyanyuliwa akiwa amelala. Hilo huhitaji kitanzi kimoja kilichoshonwa mabegani mwa jaketi na kamba ya pili iliyokunjwa ndani ya mfuko wake wa mbele, mita moja na nusu tu, ambayo mwokoaji huipitisha chini ya magoti mtu akiwa bado majini.